Kibibi Mteuzi na Kibibi Mlafi

*Kibibi aliyetoka Kenya aliokoa mti usioota penginepo duniani ila kisiwani Saint Helena. Jamaa yake wa Asia, aliyesifiwa kwa ulaji wake, amevuka bahari hata kufika Zanzibar, na huko alikopita ameacha hasara ambayo wataalamu wangali wakiihesabu.*

Mwaka 1991, mahali paitwapo Peak Dale kisiwani Saint Helena, majani ya miti ya gumwood yalianza kugeuka meusi kana kwamba yamening'inizwa juu ya jiko la kuni, kisha matawi yakakauka kutoka ncha kuelekea shinani, na miti iliyokuwa imesimama kwa miaka mingi ikafa mmoja baada ya mwingine.

Chini ya majani yale walionekana wadudu weupe, wadogo, wasio na haraka, kila jike akiburura nyuma yake mfuko wa nta ambamo huhifadhi mayai yake. Mdudu huyo, Orthezia insignis kwa jina la kitaalamu, asili yake ni Amerika ya joto. Hudunga mdomo wake katika tawi, hunyonya utomvu, na kinachomzidi hukitoa kwa nyuma kuwa maji matamu yanayonata, na juu ya maji hayo huota ukungu mweusi unaolizuia jani lisipate nuru ya jua.

Wasomaji wa pwani hawakosi kukijua kisiwa hicho kwa habari nyingine, kwani ndiko Waingereza walikompeleka Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar baada ya kumkamata wakati wa vita vya kwanza vya dunia, kama walivyompeleka Napoleon karne moja kabla yake. Ni kipande cha nchi cha kilomita za mraba 122 katika Atlantiki ya kusini, na kwa kuwa kimetengwa na bara la Afrika kwa takriban kilomita 1,900 za maji, mimea yake mingi haina ndugu popote.

Gumwood ni mmojawapo. Ni wa ukoo mmoja na alizeti, ila katika upweke wa kisiwa ukoo huo ulikua ukawa miti, na zamani misitu yake ilienea pakubwa kabla ya walowezi na mbuzi wao kuimaliza. Miti iliyobakia mwaka ule ilikadiriwa kuwa 2,500; ilipofika 1993, zaidi ya 400 ilikuwa imekwisha kufa.

Abiria kutoka Kenya

Kuunyunyizia sumu msitu uliojaa viumbe wasiopatikana penginepo kungekuwa kumwua mgonjwa pamoja na maradhi yake. Shauri lililofuatwa lilikuwa la kumtafuta adui wa mdudu yule, na adui huyo alipatikana Kenya: ni kibibi mdogo aitwaye Hyperaspis pantherina, wa jamaa ya vile vidudu vya mviringo vyenye magamba ya kung'aa ambavyo kila mtoto wa shamba amewahi kuviacha vitembee juu ya kidole.

Hata Kenya naye alikuwa mgeni. Alitolewa Meksiko akapelekwa Hawaii mwanzoni mwa karne ya 20, kisha katika miaka ya 1940 akaletwa Afrika Mashariki kuzilinda jakaranda zilizopandwa mijini, ambazo Orthezia alikuwa akizinyonya vilevile. Alifanya kazi yake kimya kimya kwa karibu nusu karne, wala sidhani kwamba katika waliopita chini ya maua yale ya zambarau alikuwako aliyemshukuru.

Kazi yenyewe yastahili kutazamwa kwa karibu. Jike wa kibibi huyu hatagi mahali popote, bali humtafuta jike wa Orthezia, akapanda mgongoni mwake, akaweka hapo yai moja. Kiluwiluwi kikianguliwa huingia katika ule mfuko wa nta, kikawa ndani yake kinakula mayai na watoto, huku mama mtu akiendelea kunyonya utomvu na kuburura mzigo wake asijue kinachotendeka ndani. Na watoto wakiisha, kiluwiluwi, ambacho sasa kimenenepa, hutoka nje kikamla na mama.

Mdudu mwenye maisha ya namna hii hana njia nyingine ya kulea, na hilo ndilo lililowatuliza nyoyo wataalamu. Alipimwa kwanza katika karantini, ikaonekana kwamba hamgeukii mdudu mwingine kwa shauku. Ndipo mwaka 1993 akasafirishwa kwenda kisiwani, ambako siku hizo hapakuwa na uwanja wa ndege. Wachache waliosalimika na safari wakazalishwa ndani, na vizazi vyao vikaachiliwa msituni.

Kufikia 1995 Orthezia walikuwa wamepungua mno na vifo vya miti vimekoma. Inasemwa kwamba labda ilikuwa mara ya kwanza kwa mdudu kupelekwa nchi ya mbali kwa sababu hiyo pekee, ya kuunusuru mmea usitoweke duniani, bila faida ya mkulima wala mfanyabiashara yeyote.

> *Wahenga walisema mteuzi haishi tamaa. Katika elimu ya wadudu, mteuzi ndiye anayeaminika.*

Machungwa ya California

Elimu hii ya kumpambanisha mdudu na mdudu ina tarehe yake, na tarehe hiyo huanzia California. Katika miaka ya 1880 mashamba ya michungwa na milimau ya huko yalikuwa yakiangamia kwa kidugamba mweupe aliyetoka Australia, Icerya purchasi, hata wenye mashamba wengine wakaanza kuing'oa miti yao na kuichoma.

Charles Valentine Riley, mtaalamu mkuu wa wadudu katika serikali ya Marekani, aliona kwamba mdudu asiyesumbua kwao hana budi kuwa na adui kwao. Lakini Bunge lilikuwa limekataza fedha za idara yake zisitumike kwa safari za ng'ambo. Hila ikapatikana: mwaka 1888 yalikuwako maonyesho makubwa Melbourne, na katika ujumbe wa Marekani uliokwenda huko alitiwa mtu mmoja aitwaye Albert Koebele, ambaye kwenye karatasi alikuwa mwakilishi wa maonyesho, na kwa hakika alikuwa mwinda wadudu.

Koebele alipeleka Los Angeles kibibi mwekundu mwenye madoa meusi, Rodolia cardinalis. Wale wa kwanza, jumla yao 129, waliachiliwa juu ya mchungwa uliofunikwa kwa hema, na ulipofika wakati wa kuifungua hema ile vidugamba wa mti ule walikuwa wamekwisha, na vibibi wakaenea shambani wenyewe. Katika muda wa mwaka mmoja na kitu balaa lililotishia kuua kilimo kizima lilikuwa limetulia.

Yaliyofuata hayasimuliwi mara nyingi, nami nadhani yana mafunzo kuliko ushindi wenyewe. Baada ya vita vya pili vya dunia wenye mashamba walianza kunyunyiza DDT, dawa iliyosifiwa kuwa mwisho wa matatizo yote. Dawa ikawaua vibibi, na Icerya, ambaye watu walikuwa wamemsahau kwa nusu karne, akarudi kwa wingi ule ule wa zamani mpaka unyunyizaji ulipotengenezwa upya na vibibi wakarudishwa.

Habari za California zilienea dunia nzima, na pamoja nazo likaenea kosa. Watu walisema, "Vibibi hula wadudu waharibifu," wakaanza kusafirisha vibibi wa kila namna kwenda kila nchi. Na katika mamia ya majaribio yaliyofuata, mengi hayakuzaa kitu.

Mbio za kibibi na kidukari

Sababu ya kushindwa huko haikujulikana upesi, na anayetaka kuielewa na ainame penye kunde zilizoshambuliwa na vidukari, wale wadudu weusi wanaojazana katika ncha changa na vitumba vya maua. Jike la kidukari halingoji dume: huzaa watoto walio hai, wote majike, na ndani ya matumbo ya watoto hao wajukuu wamekwisha anza kuumbika. Katika joto la pwani siku saba au nane hutosha kwa mtoto kuwa mzazi.

Kibibi wetu wa kawaida, Cheilomenes, mwenye mistari na mabaka meusi juu ya rangi ya manjano au nyekundu, hutaga fungu la mayai ya manjano yaliyosimama wima karibu na kundi hilo. Viluwiluwi wakianguliwa huwala kwanza ndugu zao waliochelewa kutoka mayaini, kisha huwaendea vidukari, nao hula kwa pupa. Lakini hadi wawe wakubwa wa kutaga nao, majuma matatu au zaidi hupita, na vidukari wamekwisha zaliana vizazi kadhaa, au wametoa wenye mbawa wakahama.

A. F. G. Dixon wa Uingereza na mwenziwe Pavel Kindlmann ndio walioieleza hoja hii kwa ukamilifu. Kwa maoni yao, kinachoamua ushindi ni uwiano kati ya umri wa kizazi cha mlaji na umri wa kizazi cha mliwa, na wingi wa chakula anachokula mlaji kwa siku hauamui neno. Rodolia na Icerya huenda sambamba, na mlaji anaweza hata kumpita mliwa. Ilhali mla vidukari siku zote yuko nyuma.

Tena limegunduliwa jambo linalonipendeza zaidi: jike la kibibi mla vidukari halijazi mayai penye chakula tele bila kufikiri, kama neno kufikiri laweza kutumika hapa. Akinusa nyayo za viluwiluwi waliotangulia hujizuia asitage, kwa maana kundi la vidukari halidumu, na watoto watakaozaliwa mwisho watakufa njaa au wataliwa na wenzao. Busara hiyo yamfaa yeye; mkulima aliyetarajia vibibi wamalize vidukari wote haimfai.

Si kwamba kibibi wa kundeni hana kazi. Huwapunguza vidukari mwanzoni, kabla hawajajaa, na pamoja na nyigu wadogo, buibui na mvua husaidia kuuzuia wingi wao. Bali wako na vibibi wengine, wa kundi la Epilachna, wenye vinyweleo mgongoni na magamba yasiyong'aa, ambao hawali mdudu kabisa. Hao hula majani ya viazi, maboga na matango, wakayaacha yamekuwa nyavu, na mkulima anayewahurumia kwa kuwadhania ni wale wema hupata hasara mara mbili.

Mgeni asiyechagua

Katika aina zipatazo 6,000 za vibibi zilizokwisha pewa majina, hapana iliyozusha ubishi kuliko Harmonia axyridis, aliyeelezwa kitaalamu na Pallas mwaka 1773, na ambaye kwao ni Siberia, Uchina, Korea na Japani. Ni mkubwa kuliko wengi wa jamaa zake, huzaa sana, na hubadilika sura ajabu: mmoja ana rangi ya machungwa na madoa kumi na tisa, mwingine hana doa hata moja, wa tatu ni mweusi mwenye mabaka mawili mekundu, na wote ni aina moja. Mwaka 2018 wachunguzi walionyesha kwamba tofauti hizo hutokana na sehemu moja tu ya urithi wake.

Sifa yake kubwa ilikuwa ulaji. Marekani walianza kumjaribu mwaka 1916, asishike. Wakarudia tena na tena, hata mwaka 1988 akaonekana Louisiana akizaliana mwenyewe porini. Ulaya aliletwa tangu miaka ya 1980, kisha akauzwa na makampuni kwa ajili ya nyumba za vioo na bustani, akatoroka. Na mwaka 2004 akaonekana Uingereza, ambako hakuna aliyemwalika.

Waliochunguza urithi wa makundi haya, katika utafiti uliotolewa mwaka 2010, waligundua kwamba wavamizi wa Ulaya, Amerika ya Kusini na Afrika ya Kusini kwa sehemu kubwa ni dhuria ya wale wa mashariki ya Marekani, yaani alipokwisha kushinda mahali pamoja ndipo alipopata ngazi ya kuendea kwingine.

> *Katika miaka mitano tangu kuingia kwa Harmonia, kibibi mwenyeji mwenye madoa mawili alipungua kwa asilimia 44 Uingereza na asilimia 30 Ubelgiji.*

Hesabu hizo zilitolewa mwaka 2012 na Helen Roy na wenzake, nazo zilitegemea kumbukumbu za maelfu ya raia wa kawaida waliozoea kuandika vibibi waliowaona bustanini. Katika aina nane za Uingereza zilizohesabiwa, saba zilikuwa zimepungua.

Namna anavyowashinda wenyeji ni zaidi ya moja. Viluwiluwi wake wana miiba mgongoni, nao vidukari wakipungua huwageukia viluwiluwi na mayai ya vibibi wengine. Mwenyeji akijaribu kulipa kisasi kwa kula mayai ya mgeni, hujiletea mauti: mwaka 2013 wataalamu wa Ujerumani walionyesha kwamba katika damu ya Harmonia wamo vijidudu vingi ambavyo yeye mwenyewe havimdhuru, lakini vikiingia katika mwili wa kibibi mwenye madoa saba humwua. Basi amekuja na silaha asiyoijua mwenyewe.

Wanaomtetea na wanaomlaani

Hata hivyo haitakuwa insafu kumhukumu bila kuwasikiza watetezi wake, na hoja zao si dhaifu. Tangu mwaka 2000, kidukari wa soya kutoka Asia alipoingia katika mashamba makubwa ya Marekani, Harmonia amekuwa mmoja wa maadui wake wakuu, na wakulima wa njugu za pekani wa kusini mwa nchi hiyo wamemsifu vilevile. Kila ekari isiyohitaji kunyunyiziwa ni fedha iliyobaki mfukoni na sumu isiyomwagwa ardhini. Hao huuliza: ikiwa kazi ya kula vidukari inafanyika, yatuhusu nini anayeifanya ni mwenyeji au ni mgeni?

Kwa upande wa pili wako wenye nyumba, ambao kila majira ya baridi yanapokaribia huona vibibi kwa maelfu wakipenya katika mianya ya madirisha, wakitia madoa kuta kwa ule uowevu wa manjano wenye harufu mbaya wautoao katika viungo vya miguu wakitishwa. Wako na wenye mizabibu, kwa kuwa mdudu huyu hujificha ndani ya vichala wakati wa kuvuna, na wachache wakisagwa pamoja na zabibu hutosha kuharibu ladha. Mwaka 2001 mvinyo mwingi wa jimbo la Ontario, Kanada, ulimwagwa kwa sababu hiyo.

Wa mwisho ni wanaoangalia mazingira, na wao ndio wanaojibu swali la watetezi. Wenyeji wengi wakiwa kazini, kila mmoja kwa wakati wake na mti wake, msimu mbaya wa mmoja huzibwa na mwingine. Kazi yote ikishikwa na mlaji mmoja, siku atakapopatwa na maradhi hapatakuwa na wa kuzishika zamu zake. Nami, baada ya kuzipima hoja za pande zote, naona uzito uko huku, maana faida ya soya ni ya zao moja, na hasara ya wenyeji hairudishiki kwa msimu mmoja.

Amekwisha fika

Habari hizi zisingekuwa zetu kama zingeishia Ulaya. Harmonia aligunduliwa Afrika ya Kusini mwaka 2001, katika jimbo la Western Cape, akaenea. Mwaka 2011 ilichapishwa taarifa ya kuonekana kwake Kenya, na mwaka 2016 taarifa nyingine ya Zanzibar. Hapana aliyemwita: meli, maua, mboga na mizigo ya wasafiri hutosha.

Kwamba atashika au hatashika katika joto la pwani ni jambo linalobishaniwa, kwa sababu kwao amezoea majira ya baridi na usingizi wa miezi kadhaa, na nyanda zetu za juu zenye ubaridi huenda zikampendeza zaidi kuliko Unguja. Kilicho hatarini kinafahamika: Cheilomenes na wenzake wa mashamba ya kunde, mtama na pamba, ambao hawagharimu kitu, na ambao wengi wao wamefanyiwa uchunguzi mdogo mno wakilinganishwa na wale wa Ulaya.

Isidhaniwe kwamba dawa yake ni kufunga mlango kwa kila mdudu wa kigeni. Mihogo ya bara hili ilipovamiwa na mdudu mweupe wa unga, aliyeonekana mara ya kwanza katika nchi za Kongo mwaka 1973, waliletwa vibibi kadhaa kutoka Amerika. Lakini mshindi alikuwa nyigu mdogo wa Paraguay, Apoanagyrus lopezi, aliyeachiliwa Nigeria mwaka 1981, ambaye hutaga ndani ya mdudu yule mmoja na huishi kwa huyo. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Hapo tena aliyechagua alimshinda aliyekula ovyo.

Visiwa vya Galápagos vimeonyesha jinsi mlango unavyoweza kufunguliwa kwa hadhari. Icerya yule yule wa California alionekana huko mwaka 1982, akaanza kuua mimea ya asili. Kibibi Rodolia, ingawa alikuwa na sifa ya zaidi ya karne, hakuachiliwa mpaka alipowekwa karantini tangu 1999, akapewa wadudu wa visiwani mmoja baada ya mwingine ili ionekane kama atawala au atawaacha. Hata ndege wa huko walifikiriwa, wasije wakadhurika kwa kumla yeye. Alipata ruhusa mwaka 2002.

Harmonia hakuomba ruhusa, na kwa aliyekwisha ingia karantini imepitwa na wakati. Kumnyunyizia sumu nako ni kumwua Cheilomenes aliye kwenye jani lile lile. Linalowezekana ni kumjua yuko wapi, na hapo Waingereza waliojaza kumbukumbu zao bustanini wametuonyesha kwamba kazi hiyo haitaki maabara. Shule, vyuo vya kilimo na mabwana shamba wa Mombasa, Lushoto, Limuru au Unguja wanaweza kuianza kesho kwa simu zao za mkononi.

Mwenye kumtafuta na aangalie mdudu wa milimita tano hadi nane, aliyetuna mgongoni, aghalabu mwenye miguu ya rangi ya hudhurungi, na mwenye alama nyeusi mfano wa herufi M juu ya ngao nyeupe iliyo nyuma ya kichwa. Ampige picha kutoka mbele na kutoka ubavuni, si mgongoni peke yake, kwa kuwa rangi na madoa ya mgongo wa huyu hayaaminiki hata kwa wataalamu.